Shajara ya mradi 2024: mwaka wetu wa mipira ya matone

2 Januari

Haya, mwaka umeanza na kauntabuku jipya. Cheti cha kampuni toka BRELA (wasajili wa makampuni) kilitoka wiki ya mwisho ya Desemba, kwahiyo rasmi sisi sio jina la biashara tena, ni kampuni. Tupo watatu: mimi natafuta wateja na kushika hela, Injinia (ni mhitimu wa SUA, chuo cha kilimo Moro, sisi ndo tumempa hicho cheo) anachora na kupiga mahesabu, na Fundi ambaye kabla ya hapa alikuwa anafunga mabomba ya majumbani. Frem ipo Kongowe, kodi ya miezi sita tumelipa, ndani kuna meza moja, roli nne za mipira na kalenda ya mwaka jana.

Mpango wenyewe mwepesi tu. Watu wa Dar wana viwanja Kigamboni, Mkuranga, Bagamoyo, wanataka walime mboga wikiendi, sisi tunawafungia umwagiliaji wa matone. Lengo nimeandika ekari 30 kwa mwaka. Injinia kasoma akacheka ila hajasema kitu.

19 Januari

Mauzo sifuri. Mvua hii ya El Niño haijatuachia nafasi toka vuli ya mwaka jana, barabara za huko Mwasonga ni matope matupu. Kumuuzia mtu umwagiliaji shamba likiwa limejaa vyura inataka moyo. Nimepiga simu kwa watu 14 leo, 12 wamesema mvua ikikata watanitafuta, mmoja hakupokea, mmoja kaniuliza kama tunauza mabuti.

9 Februari

Mteja wa kwanza wa mwaka! Kibada, nusu ekari, nyanya. Tulimfungia vizuri, laini zimenyooka kama uzi, picha nikaweka statasi. Siku ya tatu anapiga simu kwamba mistari ya mbele imelowa mpaka inatota, ya nyuma mikavu kabisa.

Tulivofika kumbe shida ni umeme. Mgao umekaza, pampu yake ya umeme inapata masaa mawili matatu na hata huo unaokuja unakuja dhaifu, pampu inaguna tu. Mpira wa mita 60 wenye tundu kila sentimita 30 una matundu 200 kwenye laini moja tu, afu yeye ana laini kibao zote zinafunguliwa kwa mpigo, maji yanaishia njiani. Fundi akasimama pale akaangalia, akasema "kaka, hapa tunategemea Tanesco wakati tungetegemea kimo." Yaani weka tanki juu ya mnara, umeme ukija pampu ijaze tanki, maji yashuke yenyewe muda mnaotaka. Injinia akaongeza kwamba mita 10 za kimo ndo zinakupa ba moja (kipimo cha msukumo wa maji), kwahiyo mnara wa mita 3 haufiki hata theluthi ya ba, inabidi kugawa shamba vipande na kufungua kipande kimoja kimoja. Tukagawa vinne, kila kimoja na vali yake, na mistari ya nyuma ikalowa.

Gharama ya mnara tumekula sisi maana kwenye karatasi ya bei haikuwepo. Faida ya kazi ya kwanza: hamna.

28 Februari

Kimbiji, mama mmoja mstaafu, nusu ekari, anataka hoho. Safari hii mnara upo kwenye bei toka mwanzo. Mirunda, tanki la lita 2,000, laini, chujio, vali. Kisima anacho, ameshachimba. Kalipa asilimia 60, iliyobaki atalipa kwa awamu. Mama ni mkali lakini ukifika unapata chai na mihogo kabla ya kazi.

10 Machi

Jamaa kapiga simu leo Jumapili saa nne asubuhi, yupo Mkuranga, anataka tumfungie haraka maana anataka kuuza tikiti kwenye mfungo. Mfungo unaanza keshokutwa! Tikiti linataka siku 75 mpaka 90, la Ramadhani hii ilibidi mbegu iwe ardhini toka Desemba. Nikamwambia ukweli, akanuna, akasema sisi hatutaki kazi.

Mgao angalau umepungua toka mtambo wa kwanza wa Bwawa la Nyerere uwashwe, megawati 235.

Tulikuwa tumewaza pia kuanza huduma ya kupuliza dawa. Tumeacha kwanza. Ukitaka kuifanya kibiashara lazima ujipange na TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), vibali, mafunzo, vifaa vya kujikinga, na sisi hata ela ya glovu ya kueleweka hatuna. Wanaopuliza kienyeji na fulana na ndala nawaona kila siku, ila mimi sitaki kulala nikifikiria mapafu ya Fundi.

22 Aprili

Mwezi mzima sifuri. Mvua, mafuriko Rufiji, madaraja mabovu, Idi imeshapita, hela hamna. Nimekopa kwenye kikoba cha mama watoto ili Fundi na Injinia wapate chochote. Alivonipa hakusema neno, kaandika tu kwenye daftari lao jina langu na tarehe ya kurudisha. Hiyo tarehe naiogopa kuliko TRA.

5 Mei

Kimbunga Hidaya jana. TMA (watu wa hali ya hewa) walitangaza mapema, boti za Zanzibar zikasimama, sisi tukafunga frem tukakaa ndani. Asubuhi hii mama wa Kimbiji kapiga: "Mwanangu, tanki lenu limelala kwenye mgomba wangu."

Tumeenda mimi na Fundi na boda, njia nzima matawi barabarani. Mnara umesimama! Mirunda yote ipo, imeinama kidogo tu upande wa bahari. Lililoruka ni tanki. Mama alikuwa amelifungulia maji yote siku mbili kabla, kwa akili yake kwamba mvua inanyesha maji ya nini, na tena lisije likaelemea mnara kwenye upepo. Kumbe kinyume chake. Tanki la lita 2,000 likijaa ni tani 2, upepo ule haulisogezi, likiwa tupu ni puto. Na sisi hatukulifunga kamba wala waya, wala hatukumwambia. Hilo ni letu.

Tanki limepata ufa mdogo juu karibu na mfuniko, chini zima. Tumelirudisha, tumelifunga waya wa kozi kwenye nguzo zote nne. Toka leo kila mnara unatoka na waya, na mteja anaambiwa: upepo ukitangazwa jaza tanki.

12 Mei

Intaneti imekata nchi nzima toka asubuhi, wanasema nyaya za baharini. WhatsApp kimya, karatasi za bei zote zipo kwenye simu hazitumiki. Nimelala mchana kwa mara ya kwanza mwaka huu.

14 Juni

Treni ya SGR imeanza safari za Moro leo. Injinia kaapa kwamba sampuli za udongo zijazo anapeleka yeye mwenyewe SUA, nauli 13,000, chini ya masaa mawili umefika. Kabla ya hapo tulikuwa tunabembeleza konda wa basi abebe mifuko ya mchanga, na mara moja ilishushwa Chalinze sijui kwanini.

25 Juni

Kariakoo imefungwa toka jana, wafanyabiashara wamegoma. Tuna kazi mbili zinasubiri konekta na elbo za nusu inchi na hamna pa kununua. Fundi kazunguka Mbagala yote kapata elbo nane, kila duka na bei yake. Hapa ndo nimeona tunavoishi kwa kununua vya leo kwa leo. Stoo yetu ni Kariakoo, ikifungwa sisi tumefungwa.

18 Julai

Hii naandika ndefu maana sitaki kuisahau.

Mama wa Kimbiji alipanda hoho mwishoni mwa Mei, miche mizuri, kwenye trei, alinunua. Juni yote picha anazotuma zinapendeza. Wiki ya pili ya Julai kaanza kutuma picha za majani yameungua pembeni, kama mtu kapitisha kiberiti kwenye ncha. Injinia kaangalia kwenye simu kasema mama kazidisha mbolea. Mimi nikampigia mama nikamwambia hivohivo kwa kujiamini kabisa, mama punguza mbolea. Kajibu "sawa mwanangu." Baada ya siku nne picha nyingine, mbaya zaidi, na maneno: mbolea sijatia toka uliponiambia.

Tukaenda. Njiani Injinia akapitia kwa rafiki yake akaazima kamita ka kupimia chumvi kwenye maji, kale kama kalamu nene. Tumefika, shikamoo mama, marahaba, leo hamna chai. Hoho zimedumaa, ukingo wa kila jani kahawia na mkavu, ukiushika unavunjika kama karatasi ya sambusa. Juu ya mchanga pembezoni mwa kila doa la unyevu kuna kamstari keupe keupe. Injinia akachuchumaa, akachukua kidole akalamba. Akakaa kimya muda.

Tukachota maji kisimani kwenye glasi, tukazamisha mita. 3.4.

Kwa asiyejua namba hizi (ni dS/m, ikipanda chumvi imezidi): maji ya chini ya 0.7 mwagilia unachotaka, kati ya 0.7 na 3 unachagua zao, ukipita 3 ni matatizo. Hoho inaanza kupoteza mavuno maji yakifika kama 1. Sisi tumempelekea 3.4, kila siku, tundu kwa tundu, kwa ustadi mkubwa.

Mzee jirani alikuwa ameegemea uzio anatuangalia, akasema taratibu, "Maji ya huku kuanzia mwezi wa saba hata chai hayakubali. Masika ndo yanakuwa matamu." Ndo ilivyo, mvua ikinyesha maji baridi yanakaa juu ya yale ya chumvi, kiangazi kikifika na pampu ikivuta kila siku yale ya baharini yanapanda. Tulifunga Februari mvua zikiendelea, mimi mwenyewe nilikunywa maji ya kile kisima nikasema mazuri.

Mama akaniangalia akasema: "Kwani nyie siku ile hamkuyaonja kama watu wa kazi?"

Sikuwa na jibu. Tumekaa chini ya mwembe tukaongea. Kwanza, awamu mbili alizobakiza tumezifuta, ziende kwenye hasara ya miche. Pili, hoho zinang'olewa. Tatu, kunde. Kunde zinavumilia chumvi vizuri kuliko mboga nyingi, na Dar majani yake yanauzika kila siku bila kusubiri maharage yakomae. Bitiruti nazo zinavumilia, ila mama kasema hajui kupika bitiruti hivyo hatopanda. Nne, kabla ya kupanda afungulie maji mengi kwa siku kadhaa, mchanga wa pwani una faida hiyo moja, chumvi inasukumika chini, na baada ya hapo maji kidogo kidogo kila siku, asiache pakauke maana pakikauka chumvi inarudi kwenye mizizi.

Kurudi tumepanda daladala tukakaa viti tofauti.

22 Julai

Tumenunua mita yetu. Hela ya kodi ya frem, ndiyo. Sheria mpya: hamna karatasi ya bei bila kupima maji. Kupima 30,000 na nauli, ukifunga na sisi inakatwa kwenye bei.

4 Agosti

Nane Nane, Morogoro, viwanja vya Mwalimu Nyerere. Kitaifa ni Dodoma Nzuguni ila huko hatuna ubavu. Hapa penyewe hatuna banda, tumeomba nusu ya meza ya mama anayeuza miche. Mwanzoni tulipanga roli za mipira na picha, watu wanapita wanaangalia miche. Siku ya pili Fundi kaweka glasi tatu za maji, ya mvua, ya bomba, na ya Kimbiji tuliyokuja nayo kwenye chupa, na ile mita, na karatasi imeandikwa kwa kalamu ya mafuta MAJI YAPI YANAUA NYANYA? Watu wakajaa. Maji yote matatu meupe pee, huwezi kujua kwa macho. Wanabishana, wanabeti soda.

Leo sasa mzee mmoja katoka na hasira kwamba ni kiini macho, karudi saa tisa na kidumu cha maji ya kisima chake. Kapimiwa, 0.5. Kafurahi kama kapimwa presha ikawa nzuri. Saa kumi na moja kulikuwa na foleni ya watu wanne na chupa zao. Tumepima bure, lakini tumechukua namba za simu 63.

29 Agosti

Wateja watatu wa mwezi huu tumewaambia msifunge. Mmoja wa Kigamboni maji yake yamesoma zaidi ya 5, tukamshauri apande minazi tu apumzike. Mwingine kakasirika akaenda kwa watu wengine wakamfungia ndani ya siku mbili. Injinia kasema tumepoteza dili. Nikamwambia subiri kiangazi.

Pembeni: kuna taasisi moja tulifanya kazi yao Juni, wametaka risiti ya EFD (mashine ya kodi) kwanza ndo walipe, tumetoa, wakakata na asilimia 5 ya zuio (kodi anayokata mlipaji) kwenye makaratasi, na hela yenyewe mpaka leo haijaingia. Yaani kwa serikali mimi nimeshauza, kwa tumbo langu bado. Mwisho wa Septemba kuna awamu ya kodi ya makadirio. Nimewaandikia barua ya tatu.

20 Septemba

Mkuranga, maji ya chuma. Sio chumvi hapa, ni kutu, ukiyachota ni safi yakikaa usiku yanageuka rangi ya chai. Matundu yameziba na kautelezi ka rangi ya udongo, nusu ya shamba haipati. Tumefungua ncha za laini zote tukazipiga maji, tumesafisha na asidi (asidi unaimimina kwenye maji jamani, sio maji kwenye asidi, Fundi ana alama mkononi kukumbusha), na tumemwambia mwenye shamba avute maji yakae kwenye tanki usiku kucha kutu itue kabla ya kuyafungulia.

Kijana wake wa shamba nikamuuliza chujio unasafisha lini. Kajibu "chujio lipi?"

Kwahiyo tumeanzisha kitu kingine, matunzo. Kila mwezi Fundi anapita, anasafisha chujio, anapima maji, anaangalia laini zilizotafunwa na panya, anaandika kwenye kadi inayoning'inia kwenye mnara. Mpaka leo wamekubali wateja 11. Hela sio nyingi ila inaingia mvua iwepo isiwepo, na hiyo ndo dawa ya Aprili.

14 Oktoba

TMA wametabiri vuli ya wastani mpaka chini ya wastani na kweli mawingu yanapita tu. Simu haipoi. Wale 12 wa Januari waliosema mvua ikikata watanitafuta, watano wamenitafuta kweli. Yule wa tikiti naye. Safari hii kaniuliza mwenyewe Ramadhani ijayo inaanza lini na apande lini.

Kikoba kimelipwa. Mama watoto kafuta jina langu kwa mstari wa rula.

16 Novemba

Ghorofa limeanguka Kariakoo asubuhi. Fundi alikuwa huko kununua vali, simu yake haikupatikana masaa mawili. Yupo mzima, alikuwa mtaa wa pili, karudi na vumbi mpaka kwenye kope na hakutaka kuongea. Kazi leo hamna.

18 Desemba

Tumeomba mkopo wa kununua gari, kirikuu hata kama kamechoka. Afisa mikopo kanipa fomu ina sehemu imeandikwa mafanikio makuu ya kampuni mwaka huu, mistari mitano. Nikajaza: usajili wa kampuni, ekari zilizofungwa 17 (sio 30), mikataba ya matunzo 19, ushiriki Nane Nane, hesabu za mwaka zinaandaliwa. Kasoma kasema vizuri ila ekari 17 ni chache, kwanini tuliwakatalia wateja maana aliona kwenye maelezo. Nikaanza kumweleza habari ya chumvi, akaniambia kwa heshima kwamba hiyo sehemu haina nafasi kwenye mfumo.

Ile taasisi imelipa, siku ya 170 na kitu. Pungufu ya elfu arobaini na tatu ambazo hakuna anayejua zimeenda wapi.

30 Desemba

Kimbiji. Shikamoo mama, marahaba wanangu, karibuni, chai ipo na mihogo ipo. Kunde zimefunga, huwezi kuona mchanga katikati ya mistari. Mama mboga wawili walikuwa wanachuma wenyewe, wanafunga mafungu kwa kamba za mgomba, mama kakaa kwenye kigoda na daftari anahesabu. Toka Oktoba anauza majani mara mbili kwa wiki. Kasema faida sio ya hoho, ila hoho alizoahidiwa hakuziona na kunde anaziona.

Nikatoa mita. Alikuwa ameshachota maji kwenye glasi kabla hatujafika, ameyafunika na kisahani. 3.1. Hata mvua chache hizi zimeshusha kidogo. Anataka tumwongezee robo ekari, na ameuliza kama gata za bati zikiingiza maji ya mvua kwenye tanki la pili anaweza kuchanganya na ya kisima ajaribu bamia. Injinia katoa kalamu hapohapo, kaanza kupima paa kwa hatua.

Wakati tunaondoka mzee jirani katuita uzioni. Anataka naye apimiwe. Nikamwambia mzee wewe si unajua maji yako toka zamani, akasema najua kwa ulimi, nataka niandikiwe.

Ijumaa tunaenda Kiromo, Bagamoyo. Mteja ana visima viwili, kimoja anakiita cha tamu kingine cha chumvi, na vyote hajavipima. Chaji betri ya mita.